Kitabu kipi cha historia ya karate uanze nacho: Funakoshi, Nagamine, Bishop au Bubishi?

Mtu akishafika mkanda wa kijani au wa bluu hivi, kata (mfululizo wa mapigo na mikingo uliopangwa) nne tano ziko mwilini na miguu haitetemeki tena kwenye kiba-dachi, ule mkao wa kama umepanda farasi, ndo maswali yanaanza. Hii kata imetoka kwa nani, kwa nini watu wa staili ya Goju wanapumua vile kwenye kata ya Sanchin, Okinawa ilikuwa Japani au ilikuwa nchi yake yenyewe, na kwa nini sensei (mwalimu) wa dojo (ukumbi wa mazoezi) hii anasimulia hivi na wa dojo ile anasimulia vingine kabisa. Ukienda kutafuta vitabu unakutana na mzigo, na vingi ni picha za mateke na majina ya Kijapani basi. Vya historia yenyewe vyenye maana ni vichache, hivi nitakavyovitaja vyote utavipata kwa Kiingereza, na havifanani hata kidogo, kwa hiyo cha kuanza nacho kinahitaji kuchaguliwa vizuri maana picha kitakayokujengea itakaa kichwani miaka.

Kabla ya kulinganisha kuna kitu inabidi ukijue, bila hiki utasoma vyote vibaya. Karate ya zamani haikuandikwa. Kabla ya mwaka 1900 maandishi yaliyopo ni vipande tu, kinachotajwa sana ni Oshima Hikki ya 1762, maelezo ya watu wa meli ya Ryukyu, ufalme wa zamani wa Okinawa, iliyosukumwa na dhoruba mpaka Tosa huko Japani, humo kuna mistari michache kuhusu Mchina anayeitwa Kushanku aliyekuwa anawaangusha watu wenye nguvu kumzidi. Alafu ruka mpaka 1908, barua ya Itosu Anko, mwalimu wa karate wa Okinawa, kuhusu kufundisha karate mashuleni, alafu 1922 kitabu cha kwanza cha Funakoshi Gichin. Baada ya hapo ikaja vita ya 1945, Okinawa ikapigwa miezi karibu mitatu, mji wa Shuri ukawa kifusi, nyaraka zikaungua na wazee waliokuwa wanajua mambo wakafa nayo. Kyan Chotoku, mmoja wa walimu wakubwa kabisa, alinusurika mapigano akafa Septemba mwaka huohuo kwa njaa na kuchoka. Kwa hiyo kila kitabu hapa chini kimesimama juu ya kumbukumbu za watu, na swali la kukiuliza kila kimoja ni hili: huyu aliambiwa na nani, na alikuwa upande wa nani.

Tuanze na kile ambacho kila mtu anakipendekeza, Karate-Do: My Way of Life cha Funakoshi. Kilitoka Japani 1956, mzee akiwa anakaribia miaka 90, akafariki mwaka uliofuata, Kiingereza kikatoka 1975. Ni kitabu chembamba, lugha nyepesi, wikiendi moja umekimaliza hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Na kinagusa, mimi nakipenda sana tu. Anakueleza alivyokuwa anaenda usiku kwa mwalimu wake Azato, anafanya mazoezi uani, Azato amekaa wima barazani na hakama yake (suruali pana ya Kijapani) na taa pembeni, hasemi kitu zaidi ya rudia tena, rudia tena, na hawezi kuhamia kata nyingine mpaka mwalimu aridhike. Kata tatu za Tekki zilimchukua miaka 10. Mtoto wa siku hizi anayemsumbua sensei ampe kata mpya kila mwezi angesoma hizo kurasa mbili tu zingemtosha.

Kuna stori nyingine humo ya vibaka wawili waliomzuia njiani usiku akiwa amebeba keki za kuweka kwenye madhabahu ya wazee wa mke wake. Akawapa keki akapita zake. Walimu wake wote wawili, Azato na Itosu, walipoambiwa wakamsifu. Huyo ndo Funakoshi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa adabu, kwake karate ni malezi kwanza. Na ndo maana kitabu chake kinafaa sana kwa mtu anayetaka kujua kwa nini tunainama mlangoni, kwa nini kuna kanuni za dojo, kwa nini shule na vyuo vya Japani viliipokea karate baada ya yeye kwenda Tokyo 1922.

Ila kama historia kina mapengo makubwa. Hiki ni kitabu cha kumbukumbu za mzee, mambo yanakuja yanavyomjia, tarehe chache, na watu aliokosana nao karibu huwaoni. Yeye mwenyewe anakwambia wazi kwamba alizaliwa 1868 lakini karatasi zake zinasema 1870 kwa sababu alibadilisha ili aruhusiwe kufanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, na hilo ni jambo zuri la kujifunza kuhusu karatasi za zamani. Alafu kuna simulizi kama ile ya Matsumura, bwana mkubwa wa karate wa zamani, na Uehara fundi wa kuchonga, wamekubaliana wapigane alfajiri makaburini na Matsumura akamshinda kwa macho tu bila ngumi. Tamu mno kusoma, lakini ni simulizi iliyopita midomo mingi kabla ya kufika kwake, isome hivyohivyo.

Sasa weka pembeni yake Tales of Okinawa's Great Masters cha Nagamine Shoshin. Kijapani kilitoka 1986, Kiingereza 2000 kwa tafsiri ya Patrick McCarthy. Nagamine alizaliwa Naha 1907, alikuwa polisi, akaanzisha staili ya Matsubayashi-ryu 1947, na alijifunza kwa Kyan Chotoku na kwa Motobu Choki wenyewe. Hapo ndo tofauti inapoanza. Funakoshi aliondoka Okinawa akajenga jina Tokyo, Nagamine alibaki kisiwani, na alikuwa mwanafunzi wa mtu ambaye Funakoshi hakuelewana naye kabisa.

Motobu Choki ni mtoto wa ukoo wa kifalme, wa tatu kuzaliwa kwa hiyo elimu nzuri alipewa kaka mkubwa, yeye akakulia kwenye ngumi. Alikuwa anaenda Tsuji, mtaa wa starehe wa Naha, kutafuta wa kupigana nao ili ajaribu anachojifunza. Fikiria huyo na yule wa kugawa keki wamekaa kwenye sanaa moja, mji mmoja, na wote wawili waliwahi kuwa kwa Itosu! Miaka ya 1920 Motobu akiwa ameshapita miaka 50 alimwangusha bondia wa kizungu Kyoto mbele ya watu, jarida la King likaandika habari hiyo 1925 nchi nzima ikasoma, lakini michoro iliyowekwa kwenye habari ilimwonyesha Funakoshi, sio Motobu. Ukishajua hilo unaelewa uhasama wao bila mtu kukuhubiria, na unaelewa pia kwa nini ukisoma Funakoshi peke yake unatoka na nusu ya karate. Nusu nyingine, ya watu waliotaka kujua kama hii kitu inafanya kazi kweli mtu akikuvamia, iko kwa Nagamine.

Nagamine pia ana sehemu ya mieleka ya Okinawa, tegumi na sumo ya kisiwani kwao, ambayo wanafunzi wengi wanairuka. Usiiruke. Kata zetu zina mishiko na mitupo mingi iliyofichika na ukijua kwamba watoto wa Okinawa walikuwa wanakua wanashikana na kuangushana kila siku unaanza kuelewa hiyo mikono ya Naihanchi (ndo Tekki hizohizo kwa jina la Okinawa) inafanya nini pale kiunoni. Funakoshi anaigusa tegumi, Nagamine anakaa nayo.

Udhaifu wa Nagamine ni heshima. Anawaheshimu mabwana wake mpaka hawakosei, na ana stori nyingi za nguvu za ajabu anazozipitisha kama alivyozipokea. Kukisoma ni kizito kidogo kuliko Funakoshi, majina ni mengi, utahitaji kalamu na karatasi uchore nani alimfundisha nani. Lakini kwa mtu wa Shotokan, staili iliyotoka kwa Funakoshi, ambaye ameshasoma kitabu chake, hiki ndo cha pili, sioni ubishi.

Mark Bishop ni habari nyingine kabisa. Okinawan Karate: Teachers, Styles and Secret Techniques, 1989. Hilo neno la siri kwenye jina lisikudanganye, sio kitabu cha mbinu. Bishop ni Mwingereza aliyeishi Okinawa akifanya mazoezi, akawa anaenda kwa sensei mmoja mmoja wa staili za Okinawa, Goju, Uechi, Shorin za aina zote, mpaka To'on-ryu na ile sanaa ya familia ya Motobu ambazo watu wengi hata hawajawahi kuzisikia, anakaa nao anawauliza nani alikufundisha, ulijifunza nini, alafu anaandika walichosema. Kimepangwa kwa koo za walimu kwa hiyo unaweza kufungua moja kwa moja kwenye staili yako. Na walimu humo ni binadamu, wanapingana, huyu anasema mimi ndo niliachiwa na huyu anasema hapana.

Kwetu huku dojo za Goju ni nyingi na hili la nani aliachiwa linawahusu moja kwa moja. Miyagi Chojun, mwanzilishi, alifariki 1953 bila kumtangaza rasmi mrithi. Baada yake wakatoka Yagi Meitoku, Miyazato Eiichi, Higa Seiko, Toguchi Seikichi, Miyagi An'ichi, kila mmoja na njia yake. Ukisoma The History of Karate cha Higaonna Morio unapata maisha ya Miyagi na ya mwalimu wake Higaonna Kanryo kwa kirefu na kwa mapenzi makubwa, mazoezi ya mitungi, safari za China, yote, lakini unayapata kupitia mstari mmoja, wa Miyagi An'ichi. Bishop anakupa na wengine. Mtu wa Goju mimi ningemwambia asome vyote viwili, Higaonna Morio kwa ajili ya kuipenda staili yake na Bishop kwa ajili ya kuacha kugombana na dojo ya jirani. Kinachopungua kwa Bishop ni kwamba hachuji sana, mtu akimwambia babu wa babu yake alifundishwa na mkuu fulani inaingia hivyohivyo, na wale waliohojiwa sasa wengi wameshafariki, kwa hiyo hali ya staili anayoeleza ni ya miaka ile ya 80, sio ya leo.

Alafu Bubishi. Hiki ndo kila kijana anakitaka kwanza, kwa sababu jina lake linatajwa kwa kunong'ona na kwa sababu McCarthy alipokitoa kwa Kiingereza 1995 kiliitwa Biblia ya karate. Mimi nasema kinunue mwisho kati ya hivi vinne, na nitakwambia kwa nini. Bubishi ni maandishi ya Kichina kutoka jimbo la Fujian, yalikuwa yananakiliwa kwa mkono na kupita mwalimu kwa mwalimu Okinawa, Mabuni Kenwa akachapisha nakala yake 1934. Ndani kuna makala 32, zimechanganyika: asili ya staili ya korongo mweupe na yule binti Fang Qiniang, sehemu za mwili za kupiga na saa za kuzipiga, dawa za mitishamba za michubuko na mifupa, na michoro 48 ya watu wawili wanapambana. Miyagi alikithamini sana na jina Goju lenyewe limetoka kwenye mstari mmoja wa shairi lililomo humo. Kwa hiyo thamani yake ni kubwa, hiyo haina mjadala.

Tatizo ni kwamba hakikusimulii kitu. Mtu asiyejua Higaonna Kanryo ni nani wala Fuzhou iko wapi atafungua, ataona michoro, ataona ratiba ya saa za kumpiga mtu sehemu fulani akafa, ataanza kuwatishia wenzake dojoni, basi. Maelezo ya McCarthy mwenyewe pembeni ndo yana historia na ndo yanayofaa kusomwa taratibu. Kwa mfano suala la Ryu Ryu Ko, mwalimu wa Higaonna Kanryo kule Fuzhou, mji wa Fujian. McCarthy anamtambua kama Xie Zhongxiang wa staili ya korongo, aliyezaliwa 1852. Higaonna alizaliwa 1853. Yaani mwalimu anamzidi mwanafunzi mwaka mmoja, na hapo ndo wengine wanakataa wanasema lazima ni mtu mwingine. Huo mjadala ni mzuri mno lakini utaufurahia ukiwa umeshasoma Bishop na Higaonna Morio. Na hizo dawa za humo naomba usijaribu kuchemsha nyumbani, yale ni majina ya mimea ya China yaliyopita kwenye kunakiliwa mara nyingi na mengine ni sumu.

Sasa kipimo kimoja ambacho napenda kukitumia kwenye kitabu chochote cha karate: kinasemaje kuhusu wakulima? Ile stori uliyoisikia siku ya kwanza dojoni, kwamba watawala walipiga marufuku silaha kwa hiyo wakulima wa Okinawa wakabuni kupigana mikono mitupu. Funakoshi anaipitisha marufuku hiyo na anaongezea kwamba Napoleon alishangaa kusikia kuna ufalme mdogo mashariki ya mbali usio na silaha hata moja. Napoleon kweli aliambiwa hivyo, na nahodha Basil Hall aliyepita Okinawa 1816 akamtembelea St Helena mwaka uliofuata, lakini Hall alikuwa anasimulia alichokiona akiwa mgeni, na mgeni haonyeshwi kila kitu. Angalia mabwana wenyewe walikuwa nani: Matsumura alikuwa mlinzi wa mfalme, Itosu alifanya kazi ofisi za ufalme, Motobu ni damu ya kifalme, Funakoshi mwenyewe familia yao ni ya tabaka la watumishi wa ufalme, ya chini lakini ya tabaka hilo. Mkulima yuko wapi hapo?

Ndo maana unahitaji angalau kitabu kimoja cha historia ya Ryukyu yenyewe ambacho hakijaandikwa na mtu wa karate. Chaguo ni mbili. George Kerr, Okinawa: The History of an Island People, 1958, kilianzia kwenye kazi aliyoandikia utawala wa Kimarekani visiwani. Ni kinene lakini kinasomeka kama hadithi ndefu nzuri, ufalme, biashara na China, Satsuma, utawala wa kusini mwa Japani, kuvamia 1609, Japani kuufuta ufalme 1879. Watu wengi wa karate wamechota kwake, na lile wazo la mfalme Sho Shin kukusanya silaha za watu wamelichota humohumo. Wa pili ni Gregory Smits ambaye ameandika miaka ya karibuni, Maritime Ryukyu, na yeye anaivunja hiyo picha ya kisiwa cha amani kisicho na silaha. Maandishi ya jiwe ya 1509 yanayotumika kama ushahidi yanasema panga, pinde na mishale vimelimbikizwa kwa ajili ya kulinda nchi, sio kwamba vimefutwa. Ukitaka raha ya kusoma chukua Kerr, ukitaka usahihi chukua Smits, ila Smits ni msomi anaandika kwa wasomi, itabidi uvumilie. Mimi ningesoma Kerr kwanza ili nijue mpangilio wa matukio alafu Smits aje anirekebishe.

Kama hela inaruhusu kitabu kimoja tu mwaka huu basi hivi: mwanafunzi mwenye chini ya miaka 16, Funakoshi bila kufikiria mara mbili. Mtu mzima wa Shotokan au Shorin, Nagamine. Wa Goju au Uechi, Bishop. Sensei anayefundisha wengine na anaulizwa maswali kila jioni, Bishop pia hata kama ni wa Shotokan, kwa sababu kitamtoa kwenye staili yake.

Vya duru ya nje nitavipitia haraka. Hagakure (mawaidha ya zamani ya samurai) na Bushido cha Nitobe watu wanapewa zawadi sana wakipata mkanda mweusi, havihusu karate, Nitobe aliandika kwa Kiingereza akiwa Marekani, kikatoka 1900, kwa ajili ya kuwaeleza wazungu, soma ukipenda ila usichukulie kwamba mabwana wa Okinawa waliishi hivyo. Donn Draeger na vitabu vyake vitatu vya 1973 na 1974 ni mlango mzuri wa sanaa za Japani kwa ujumla, alikuwa mwanajeshi wa Marekani aliyefanya mazoezi kwelikweli, lakini ule mpaka mkali anaouchora kati ya sanaa za vita na njia za kujijenga wasomi waliomfuata kama Karl Friday wameukataa. Na kama dojoni kwenu kuna picha ya Daruma, mtawa wa Kibudha wa zamani, na unaambiwa yeye ndo aliwafundisha watawa wa Shaolin kupigana, tafuta The Shaolin Monastery cha Meir Shahar, 2008. Amepekua maandishi ya Kichina mpaka akaonyesha kwamba sifa ya watawa wale kwanza ilikuwa ya fimbo, mikono mitupu ilikuja baadaye sana, na stori ya Daruma inatokea kwenye kitabu cha mazoezi chenye tarehe ya 1624, karne zaidi ya kumi baada yake. Kati ya vyote nilivyotaja hiki ndo chenye utafiti mzito kuliko vyote.

Cha mwisho hakina karate ndani lakini nakiweka kwa makusudi, Fighting for Honor cha T. J. Desch Obi, 2008. Kinafuata engolo, mchezo wa mateke wa kusini mwa Angola unaopigwa mtu akiwa ameinama mikono chini, na jinsi ulivyovuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Mtu wa pwani aliyewahi kusimama kwenye duara la kirumbizi Lamu wakati wa Maulidi, ngoma inalia na wawili wanapigana fimbo katikati, atakielewa haraka kuliko msomaji wa Ulaya. Ukishasoma Nagamine alafu ukasoma hiki utaona wote wawili wanahangaika na tatizo moja, jinsi ya kuandika historia ya sanaa ambayo wenyewe waliiweka mwilini badala ya kwenye karatasi, na Desch Obi anaonyesha njia za kufanya hivyo ambazo vitabu vya karate bado havijazitumia sana: lugha, ngoma, safari za watu, kumbukumbu za mahakama. Kinapatikana kwa softikopi, na maktaba za vyuo vikuu zenye idara ya historia ya Afrika ndo pa kuulizia kwanza.